Mawe Tu, Anko Anasema

Hii si stori ya jaba.

Krismasi, ushago, chai na chapo mezani. Nikatoa form yangu mbele ya ukoo mzima: mwezi wa nne naenda Malta kucheki mangome. Anko akaweka kikombe chini polepole, vile wazee huweka wakitaka kukuharibia siku. "Yaani upande ndege, umwage pesa zote hizo, uende kuona mawe? Mawe tu?" Halafu akaongeza ati mtoni kwetu kuna mawe ya bure. Wazee wote wakaangua kicheko. Hiyo ndiyo kamati ya washauri tuko nayo nyumbani, mse.

Sawa. Nimeenda, nimerudi, jua la Mediterania limeniset fiti na simu imejaa mapicha. Hayo mawe nimeyacheki, nimeyashika kwa mkono, nimeyasoma kama meseji. Na nakuambia wewe, mtu wa mtaa wangu: wasee walijenga ukuta mnene kushinda keja yako ndio wazuie kila kitu, na kuna kitu kimoja kiliruka huo ukuta bila hata ngazi. Tulia, tutafika. Kwanza doo.

DOO NI NGAPI

Malta iko katikati ya Mediterania, kusini kidogo ya Sisili. Ukijumlisha na Gozo na Comino, ni kilomita mraba 316. Nairobi ni 696. Nchi nzima, na bunge lake na jeshi lake, haifikishi nusu ya Kanairo. Ukisinzia kwa basi umepita miji mitatu. Lakini pwani yote imezingirwa. Kila kona kuna ngome, mnara ama ukuta, na kila moja inacheki baharini kama mathe anayekungoja saa nane usiku.

Viza ni ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima. Hiyo ni thao kumi na tatu hivi, na wakikunyima hawakurudishii hata bob. Statement ya benki wanataka, barua ya mboka wanataka, bima wanataka, imebaki tu waulize jina la kuku wa nyanyako. Panga makaratasi fiti, dunga kama mtu ana sababu ya kurudi nyumbani, ingia.

Ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA hakuna. Mimi nilipitia Istanbul, na hapo ndipo stori ilianza kunoga. Mwaka wa 1565 Sultani Suleiman wa Waosmani alituma meli zake kutoka Istanbul hiyo hiyo waende wachukue Malta. Walitoka mwisho wa Machi, wakafika tarehe 18 Mei. Wiki saba kwa maji. Mimi masaa mawili na nusu hivi, kiti cha dirisha, na dishi juu. Suleiman na ganji yake yote hakuwahi kuona hiyo huduma.

Vitu bei poa: basi za umma, vivuko vya bandarini, na pastizzi. Hiyo pastizzi ni mkate wa tabaka tabaka, umbo la almasi, ndani kuna jibini laini ya ricotta ama minji iliyopondwa. Ni smokie yao. Unauziwa kwa kidirisha, moto, kwa karatasi, na haifikishi euro mbili. Onyo moja: usiimange ukiwa na hudi nyeusi. Yale maganda yanashuka kifuani kama mba, na hakuna angle ya kamera itakuokoa.

Vitu bei mbaya: meza yoyote mbele ya maji yenye kitambaa cheupe. Ukiona menyu ina picha ya kamba mkubwa na lugha nne, ingia mitini. Chukua pastizzi yako, chukua soda yao inaitwa Kinnie, machungwa machungu na majani majani, kama Fanta imeamka vibaya, halafu kaa juu ya ukuta wa bandari. Mandhari ni yale yale ya wale wa kitambaa cheupe. Tofauti ni thao tano.

Na hii utaipenda: wanaendesha kushoto kama sisi, na soketi ni ile ya mashimo matatu. Chaja yako ya Luthuli inaingia bila adapta. Mwingereza alikaa huko pia. Mkitawaliwa na mtu mmoja, mnabaki na soketi moja. Sisi tulipata uhuru Desemba 1963, wao Septemba 1964. Tumewatangulia miezi tisa. Hiyo niliwakumbusha kila mahali.

LUKU YA NGOME

Jiwe la Malta lina rangi ya asali. Mji mzima, kuanzia kanisa hadi choo ya umma, rangi ni hiyo. Kwa hivyo ukidunga beige umepotea. Nilicheki wasee wa Ulaya wamejazana kwa ngazi na kitani yao ya beige, unaona tu miwani inatembea. Dunga rangi. Jezi nyekundu, kitenge, kijani ya Gor, chochote. Jua la saa kumi na moja likigonga ule ukuta na wewe uko mbele na rangi zako, picha haitaki filta.

Njumu ni muhimu kushinda shati. Valletta ni mji wa ngazi, na mawe ya barabara yamesuguliwa na nyayo za miaka mia nne hadi yanang'aa. Raba yenye soli imeisha itakuchoma mbele ya watu. Na ukiingia kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, hawataki viatu vya kisigino chembamba, kwa sababu sakafu yote ni makaburi ya maknight, wale walitawala kisiwa kitambo, marumaru za rangi karibu 400, zimechorwa mafuvu na mifupa. Mabega pia ufunike. Msupa mmoja mbele yangu alikuwa amepanga luku wiki nzima, kisigino kama sindano. Mlangoni akafunikwa shali na akabadilishwa viatu. Drip yote ikaisha hapo. Soma sheria ya mlango kabla ujipange.

Humo ndani kuna mchoro mkubwa wa Caravaggio, Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa, 1608. Jina lake ameliandika kwa ile damu inayomwagika kwa mchoro, na hakuna kazi yake nyingine ameweka sahihi. Mwaka huo huo alifanywa knight, akapigana na knight mwenzake, akafungwa ndani ya ngome ya St Angelo, akatoroka kisiwa. Yote kwa miezi michache. Huyo alikuwa wa mtaa, hakuna ubishi.

NYOTA YA ST ELMO

Sasa ngome zenyewe. Anza na Fort St Elmo, kwa ncha kabisa ya Valletta, pale mdomo wa bandari unafunguka. Ilijengwa 1552, umbo la nyota ya pembe nne. Ukiwa ndani unaona kuta tu. Ukiicheki kwa ramani ndio unamanya kwamba zile pembe ni hesabu. Mzinga ulikuwa umeharibia soko kuta ndefu za kitambo zilizosimama wima. Mafundi wa Italia wakaanza kuchora kuta fupi, nene, zimelala nyuma kidogo, na kila pembe inachunga pembe ya jirani. Adui popote atasimama, kuna mtu anamcheki kutoka kando. CCTV ya karne ya 16, na haikuwahi kukatiwa stima.

Wenye nyumba walikuwa maknight wa Mtakatifu Yohana. Mfalme Charles V aliwapa kisiwa mwaka wa 1530, na kodi yake ilikuwa kozi mmoja kwa mwaka. Kozi, yule ndege wa kuwinda. Mmoja. Kwa mwaka. Nchi nzima. Mwambie landlord wako hiyo stori mwisho wa mwezi uone uso wake.

Meli za Suleiman zilipofika, makamanda waliamua waanze na St Elmo. Walidhani ni mboka ya siku chache. Ikawa karibu mwezi. Mizinga mchana na usiku, hadi kuta zikabaki kifusi, na walinzi wakapigana kutoka ndani ya kifusi. Usiku watu wa ng'ambo, St Angelo, walileta msaada kwa boti gizani, hadi njia ikafungwa. Ngome ilianguka tarehe 23 Juni. Hesabu zinazotajwa sana ni walinzi kama 1,500 na watu wa Sultani kama 6,000. Turgut Reis, nahodha mwenye jina lake lilitetemesha pwani yote ya Mediterania, alimaliziwa hapo hapo. Kule ng'ambo ya maji, Sliema, kuna ncha ya ardhi bado inaitwa Dragut Point, jina lake kwa ulimi wa Ulaya. Siku hizi hapo ni maghorofa ya mabazuu na mall.

Niliweka kiganja kwa ukuta. Hilo jiwe ni laini, mse. Chumvi ya bahari imelitafuna hadi likawa na vishimo kama sega la nyuki, na nilipotoa mkono ulikuwa na unga wa manjano. Nikashtuka. Kitu laini hivi, unga unga, kilisimama karibu mwezi mbele ya mizinga ya sultani. Nikakumbuka Anko. Mawe tu. Nikapiga picha ya kiganja changu, nikamtumia. Akajibu na ile emoji ya dole gumba. Watu wa miaka hamsini na dole gumba lao.

Ndani ya St Elmo kuna makumbusho ya vita. Usipite mbio. Kuna ndege ndogo ya vita ya 1940, Gladiator, inaitwa Faith, na kuna medali ya George Cross yenye Mfalme George VI alipea kisiwa kizima Aprili 1942 kwa vile walivumilia mabomu. Medali moja, watu wote. Hadi wameichora kwa bendera ya taifa.

MZEE WA BOTI ANAHESABU

Kutoka Valletta kwenda Birgu, ambako St Angelo iko, kuna gari. Ukipanda gari tusijuane. Shuka kwa maji, panda dgħajsa, zile boti nyembamba zimepakwa rangi kama mathree ya Rongai. Jua linawaka, upepo una chumvi, kuta ziko pande zote mbili na zinakua kila ukisonga.

Nililipa noti. Mzee wa boti akaanza kuhesabu chenji ya wasee wote kwa sauti. Sikuwa nasikiza. Halafu masikio yakasimama yenyewe. Sitta. Sebgħa.

Nikamwambia, rudia. Akarudia. Sitta, sebgħa, halafu akaendelea: tmienja, disgħa. Nikamjibu: sita, saba, nane, tisa. Akaacha chenji kwa kiganja, akanitolea macho. Tukaingia makumi, kama watoto wa nasari. Yeye: għoxrin. Mimi: ishirini. Tletin, thelathini. Erbgħin, arobaini. Ħamsin, hamsini. Sittin, sitini. Sebgħin, sabini. Tmenin, themanini. Disgħin, tisini. Mija, mia. Elf, elfu. Boti nzima imenyamaza, watalii wameshika simu, na wasee wawili hawajawahi kukutana wanahesabu hadi elfu moja katikati ya bandari.

Nikamwonyesha maji. Baħar, akasema. Bahari, mimi. Saa, ile ya kuhesabu wakati: siegħa. Kitabu cha tiketi: ktieb. Alipotushusha akanipiga bega akaniita ħabib. Habibu! Nilipanda gati nikiwa na vipele mwili mzima.

Form ni hii. Waarabu walichukua Malta mwaka wa 870, na Wanormani wakaja 1091. Watawala wakabadilika, lugha yao, Malti, ikabaki. Mfupa wake ni Kiarabu. Halafu ikala maneno ya Sisili na Italia kwa karne na karne, Mwingereza akaja ikala na yake. Wanashukuru kwa Kitaliano, grazzi, wanaagana kwa Kiarabu, saħħa, yaani siha, afya. Katikati wanatupa "mela" kila sentensi, vile sisi hutupa "yaani" na "si unajua". Inaandikwa kwa herufi za Kilatini.

Umeshaona? Malti ni Sheng iliyopata pasi.

Na wazee wao walikuwa kama wetu. Mabazuu wa Valletta waliandika Kitaliano, kortini ikawa Kitaliano, Malti wakawaachia wavuvi na watu wa jikoni. Ikakuwa lugha rasmi 1934. Mwaka wa 2004 nchi ilipoingia Umoja wa Ulaya, ikaingia nayo, ikawa moja ya lugha rasmi za Ulaya nzima. Leo kuna msee amevaa suti Brussels analipwa mshahara kutafsiri sheria kwa ile lugha ya jikoni. Hiyo weka kwa mfuko. Mwalimu yeyote akikuambia Sheng ni uchafu, itoe.

MZEE PEKEE NIMEMPITISHA

Fort St Angelo imekaa kwa ncha ya Birgu kama ndume. Panda hadi juu, ndio ucheki bandari yote mara moja: Valletta mbele, Senglea kando, Fort Ricasoli kule mdomoni. Hapa ndipo Jean de Valette, mkuu wa maknight, alikaa 1565. Alikuwa na miaka kama 70.

Mnajua msimamo wangu kuhusu wazee. Lakini huyu nimempitisha. Miaka 70, joto la Agosti, hapa Birgu, ukuta umetobolewa, yeye akashika mkuki akashuka mwenyewe pale ukuta ulikuwa umefunguka, akajeruhiwa mguu, akakataa kutoka. Anko wangu hushindwa kushuka kwa mathree bila kuitisha mkono.

Usimpake asali yote, ingawa. Baada ya St Elmo kuanguka, Waturuki waliweka miili ya maknight kwa misalaba ya mbao wakaielekeza majini ije upande huu. De Valette alijibu kwa kukata vichwa vya mateka na kuvirusha kwa mzinga. Pale juu, upepo ni mtamu na maji ni ya buluu, na hiyo ndiyo kitu ilitokea hapo. Nilikaa kimya kidogo. Nawe kaa kimya kidogo. Si kila kona ni ya content.

Na kuna hii: De Valette alikamatwa 1541 akapiga makasia kama mtumwa karibu mwaka mzima kwa meli ya maadui. Turgut naye alikamatwa 1540 akapiga makasia ya Wagenoa karibu miaka minne. Wasee wawili wote wametoka kwa mnyororo mmoja, na wakiachiliwa wakaenda kufunga wengine mnyororo. Maknight walikuwa na watumwa, Waislamu waliotekwa baharini. Ndio walivuta makasia ya meli zao, ndio walibeba mawe ya kuta. Hilo jiwe la rangi ya asali kwa picha yako, kuna mtu alilibeba bila kulipwa. Utumwa ulifutwa Malta Napoleon alipoingia 1798.

Upande ule mwingine ulikuwa hivyo hivyo. Ukivuka Gozo kwa feri, panda Cittadella, ile ngome juu ya kilima. Mwaka wa 1551 Turgut na wenzake waliizingira, wakabeba watu kama 5,000. Karibu kisiwa kizima kikaenda sokoni. Baada ya hapo watu walitakiwa walale ndani ya ukuta kila usiku hadi 1637. Curfew ya maisha. Ukuta wa Malta si urembo. Ni hofu ya mtu imechongwa kwa jiwe.

Tarehe 8 Septemba 1565 kuzingirwa kuliisha, msaada ulipotoka Sisili. Hadi leo siku hiyo ni holide. Machi iliyofuata wakaweka jiwe la kwanza la mji mpya, mchoro ni wa Francesco Laparelli, mtaliano, na mji wakaupa jina la yule mzee. Valletta.

YA TREND NA YA KUCHOMA

Ya trend: saa sita mchana kamili, panda bustani ya Upper Barrakka. Chini yako kuna mstari wa mizinga, na wasee wamedunga magwanda ya Kiingereza ya karne ya 19. Wanalipua mmoja. Saa sita, na tena saa kumi. Kutoka juu ni bure. Usiwe umeshika soda.

Ya trend zaidi: Fort Ricasoli. Ndani ya hiyo walijenga Roma ya filamu ya Gladiator, na Troy ikapigwa huko pia. Kwa kawaida hawaruhusu uingie, lakini ukiwa St Angelo unaizoom. Fort Manoel, kwa kisiwa kidogo mbele ya Gżira, ndipo Ned Stark alipoteza kichwa kwa Game of Thrones. Ilijengwa karne ya 18 na mkuu Mreno, António Manoel de Vilhena.

Ya kushtua: Fort Rinella, Kalkara. Mwingereza aliweka mzinga mmoja wa tani 100. Mmoja tu, ngome nzima imejengwa kuuzunguka. Hiyo ni kama kujengea woofer nyumba.

Ya kuchoma: kuvaa kofia ya plastiki ya Warumi, kupanda juu ya mzinga kama ni bodaboda, na kuandika caption ya "medieval vibes" mbele ya ngome ya 1723. Medieval ilikuwa imeisha kitambo. Watu wanakucheki.

SASA TURUDI MOMBASA

Hii ndiyo iliniweka macho usiku. Waosmani wale wale hawakuishia Mediterania. Mwaka wa 1585 nahodha wao Mir Ali Bey alishuka hadi pwani yetu, miji mingi ikamkaribisha, kwa sababu ilikuwa imechoka na Mreno. Akarudi tena, na 1589 Wareno wakamkamata Mombasa. Lakini baridi ilikuwa imewaingia. 1593 wakaanza Fort Jesus. Mchoro ni wa Giovanni Battista Cairati, mtaliano mwingine. Kuta zimelala nyuma, pembe inachunga pembe.

Shika hapo. Hofu moja, mafundi wa nchi moja, bahari mbili. Fort Jesus na Valletta ni mabinamu. Sisi tulipelekwa Fort Jesus darasa la sita, tukakimbizwa dakika arobaini, mwalimu akapiga kelele tusiguse, tukarudi kwa basi kumanga mkate. Hakuna mtu alituambia tuko kwa ukuta wa stori ya dunia nzima. Waomani waliuzingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. St Elmo ilikuwa karibu mwezi.

Na ukuta wa Mombasa ulizuia nini? Mreno alitoka, lakini tukabaki na meza yake, bendera yake, leso, karata. Hata gereza: hilo ni neno lake la kanisa, igreja.

Siku ya mwisho nilivuka Senglea. Kwa ncha ya ukuta kuna kibanda kidogo cha mlinzi, cha mawe, kinaning'inia juu ya maji. Kinaitwa Gardjola. Kwa kuta zake wamechonga jicho kubwa, na kando yake sikio. Ukuta una masikio, si ndio wazee husema? Huu unayo kikweli. Jicho lilikuwa la kucheki meli. Meli lilizikamata. Lakini lile sikio, siku zote, upande wa ndani, lilikuwa linasikia wavuvi wakihesabu samaki: sitta, sebgħa. Lugha ya wale ukuta ulijengwa kuwazuia. Ilikuwa imeshaingia. Ilikuwa ndiyo mwenye nyumba.

Kanairo pia tunajua kuta. Pita Runda, Muthaiga, cheki stima juu ya ukuta, mbwa, soja, geti mbili. Ndani kuna mtoto wa bazuu, dirisha limefungwa, anamwambia beshte yake "niaje mse, rada?" Maneno ya Kaloleni. Nani alimfungulia geti?

Jumapili nilifika kwa Anko na zawadi ya Kinnie. Akaonja, akakunja uso, akasema hata soda yao ni mbaya. Nikamwacha. Akaanza zile za kawaida: mawe tu, halafu hii Sheng yenu inaharibu lugha, sisi tuliongea Kiswahili safi. Akajaza chai, akavuta sahani.

"Chapati ziko ngapi hapo mezani?" akauliza, akajipangusa na shati. "Sita?"

Chapati, Mhindi. Meza, Mreno. Shati, Mwingereza. Sita, ni ya yule mzee wa boti.

Nikamwambia, "Anko, unabonga Sheng tangu asubuhi."